Je, wajua kwa nini grupu la wakulima hufa likigeuka gulio?

Mwezi wa sita, mikorosho ya Newala na Tandahimba, kusini mwa Tanzania, ikianza kutoa machipukizi, mkulima anapiga picha jani lenye unga mweupe na kuituma kwenye grupu la WhatsApp: "Jamani, huu si ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho?" Kabla mzee mwenye uzoefu hajaiona, zimeshapita mashine za kupulizia salfa, vitenge, mikopo ya chapchap na kiwanja kinachouzwa Mikindani. Swali limezama.

Hesabu yake ni hii. Grupu moja la WhatsApp laweza kuwa na watu hadi 1,024, na kuwatumia wote tangazo hakumgharimu muuzaji chochote cha kutajika. Wanaolipa ni wasomaji, kila mmoja kwa bando lake na muda wake. Wa kwanza kuchoka huwa ni wale waliokuwa wakijibu maswali bure. Hawagombi wala hawaagi. Wanalizima sauti grupu, basi. Wanabaki wauzaji wakitangaziana wenyewe kwa wenyewe.

Usidhani ni ugonjwa wa WhatsApp. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ulikuwa na desturi yake: biashara ina kona zake, kwingine watu wanazungumza. Aprili 1994 mawakili wawili, Laurence Canter na mkewe Martha Siegel, walimwaga kwenye maelfu ya makundi tangazo la kuwasaidia watu kuomba kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani. Waliokuwa wakijadili mambo yasiyohusiana kabisa nao wakalipata. Hasira za watu zilikuja kwa barua pepe nyingi mno, hata kompyuta za kampuni iliyowaunganisha mawakili hao na mtandao zikazidiwa. Wenyewe hawakujuta, waliandika kitabu cha kuwafundisha wengine njia hiyo.

Je, dawa ni kufukuza wafanyabiashara? Mimi nasema hapana, na wakulima wa kusini tunajua kwa nini. Chama cha msingi cha wakulima, AMCOS, ni ushirika, lakini kazi yake kubwa ni kuuza mazao yao. Tangu stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya mazao ghalani kwa risiti na kuyauza kwa pamoja, ianze kwenye korosho msimu wa 2007/2008, mnunuzi hakatazwi kuja: anakuja mnadani, kwa siku inayojulikana, bei zinasomwa mbele ya wakulima nao wanakubali au wanakataa. Anayepigwa vita ni wa kangomba, mnunuzi wa nje ya mfumo huo, anayepita nyumba kwa nyumba na kipimo chake. Wote wawili wanataka korosho ileile.

Grupu nalo laweza kuwa na siku yake ya mnada. Jumamosi, tuseme, tangaza utakacho, bei ikiwa wazi. Siku nyingine ni za ubwiriunga na mvua. Na muuza mashine akieleza namna ya kuchanganya dawa bila kutaja duka lake, aachwe aeleze. Huyo watu watamfuata wenyewe.

Kazi iko kwa admini. Ndiye mwenye kitufe cha kumtoa mtu, na mara nyingi naye ana duka. Tangazo lake la Jumanne usiku, nani atalifuta?