Asilimia 97 Haisemi Kwamba Bakteria Wako Si Mpya

Nimeletewa tena matokeo ya jeni ya 16S (jeni ambayo bakteria wote wanayo, inayotumika kulinganisha undugu wao) ya bakteria aliyetengwa kutoka kwenye mboji ya moto, pamoja na hitimisho la kujiamini: ufanano na jamaa yake wa karibu ni asilimia 99.2, umepita 97, kwa hiyo si spishi mpya. Safari hii naona heri niandike hadharani kuliko kuendelea kumjibu mmoja mmoja.

Kipimo cha asilimia 97 kilipendekezwa na wanamikrobiolojia Stackebrandt na Goebel mwaka 1994, nacho kilikuwa cha upande mmoja. Ufanano ukiwa chini ya hapo, bakteria wawili huhesabiwa kuwa wa spishi tofauti bila kuhangaika na kazi ngumu ya kuunganisha DNA zao, yaani kupima ni kwa kiasi gani DNA ya mmoja hushikamana na ya mwenzake. Ukiwa juu ya hapo, kazi hiyo lazima ifanywe, kwa sababu jeni hiyo pekee haiwezi kuamua. Mwaka 2006 kipimo kilipandishwa hadi karibu 98.7, lakini mantiki ilibaki ileile. Sijui ni nani aliyegeuza "endelea kupima" kuwa "funga jalada". Bacillus globisporus na Bacillus psychrophilus, ambazo leo zimo katika jenasi Sporosarcina, zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.5 katika jeni hiyo, na bado ni spishi mbili.

Upande wa chini nao una mitego. Thermobispora bispora, bakteria mpenda joto, hubeba katika jinomu moja (DNA yake yote) nakala za 16S za namna mbili zinazotofautiana kwa takriban asilimia 6.4. Mtu akisoma nakala ya kwanza na mwenzake akasoma ya pili, watatangaza jenasi mbili kutoka koloni moja, kisha wagombee jina.

Cha kufanya kinajulikana. Soma jinomu nzima, uilinganishe na zile za aina kielelezo (bakteria waliohifadhiwa kama rejea rasmi ya jina la kila spishi), wala si na kila jina lililobandikwa kwenye hifadhidata na mtu mwenye haraka, kisha uangalie wastani wa ufanano wa nyukleotidi, yaani herufi za DNA, kati ya jinomu hizo. Ukiwa chini ya asilimia 95 hadi 96, una hoja ya spishi mpya. Vipimo vya asidi za mafuta na kwinoni (kemikali za utando wa seli) na viwango vya joto la ukuaji vitafuata, pamoja na kuweka aina kielelezo katika hifadhi mbili za vijidudu zilizo katika nchi mbili tofauti.

Hata hiyo 95 haikushuka kutoka mbinguni. Iliwekwa ili ioane na mpaka wa spishi wa asilimia 70 katika kuunganisha DNA, na hiyo 70 nayo ilikubaliwa kwa kuwa ilioana na makundi ambayo wataalamu walikuwa wamekwisha kuyapanga. Bakteria Shigella na Escherichia coli wanatosha kabisa kuwa spishi moja kwa kipimo hicho, ila hospitali zinayahitaji majina yote mawili, nasi tumenyamaza.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba maelezo mengi ya spishi mpya, yakiwemo niliyoyapitisha mimi mwenyewe, yanategemea aina moja tu ya bakteria ndani ya spishi hiyo, iliyotoka kwenye lundo moja. Tunapoandika kwamba spishi hukua kati ya nyuzi 45 na 65, tunachokijua hasa ni tabia ya koloni ile moja. Kwa hiyo wanaoniletea matokeo nawaomba warudi kwenye mboji, ikiwezekana ya lundo jingine, watafute aina ya pili ya spishi ileile, hata kama jina litachelewa.