Tofauti za kimaeneo katika uchumi wa kidijitali hupimwaje?

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa, na intaneti ya kasi ikaingia Kenya kwa mlango wa Pwani. Lakini ondoka Mombasa uelekee Tana River, Pwani hiyohiyo, na utapita vijiji ambako kushika mtandao ni bahati. Kupima tofauti za kimaeneo ni kuitia hali hii kwenye tarakimu: maeneo yameachana kiasi gani, na je, pengo linapanuka au linaziba?

Kwanza uamue unahesabu nini, na mtego uko hapo. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 47.3 ya watu wa miaka 3 na zaidi wana simu ya mkononi, asilimia 22.6 wanatumia intaneti na 10.4 wanatumia kompyuta. Nchi moja, picha tatu. Ukihesabu laini, mwenye laini mbili anakuwa watu wawili. Ukihesabu mapato kwa makao makuu ya kampuni, kifurushi alichonunua mfugaji wa Marsabit kinaandikwa Nairobi. Kwa hiyo watafiti huchanganya vigezo kadhaa, kama minara, watumiaji, malipo ya simu na ajira, vikawa faharasa moja, yaani alama moja kwa kila kaunti, kila kigezo na uzito wake. Uzito huo hupangwa na binadamu, tusisahau. Ukiugeuza, kaunti inaweza kupanda ngazi bila kuongezewa hata mnara mmoja.

Alama zikipatikana, wastani peke yake hausemi kitu. Kaunti tatu zenye 45, 50 na 55 zina wastani wa 50. Zenye 10, 50 na 90 pia. Kipimo cha Gini, ambacho sifuri yake ni usawa kamili, huzitenganisha: za kwanza hupata takriban 0.04, za pili 0.36.

Mimi navutiwa zaidi na kipimo cha Mholanzi Henri Theil, kwa sababu hukubali kupasuliwa: sehemu moja ya pengo ni kati ya kanda na kanda, nyingine iko ndani ya kanda yenyewe. Hii ya pili ikiwa ndiyo kubwa, fedha za “kuinua Pwani” zinaweza kuishia Nyali, mtaa wa wenye nazo Mombasa, na watu wa Hola kule Tana River wasione kitu.