Fuvu la Ulaya: kichwa cha ayala kinapobaki mfupa na pembe

Kwenye kuta za nyumba za wawindaji wa Ujerumani, na siku hizi za Marekani pia, hukosi kuona fuvu jeupe lenye pembe za kahawia, limepachikwa kwenye kibao cha mti. Halina ngozi, halina macho ya kioo, na mara nyingi halina taya la chini. Wamarekani wameuita mtindo huu "wa Ulaya", kwa sababu ni desturi ya zamani ya wawindaji wa Ulaya ya kati. Mimi nitasema tu fuvu la Ulaya. Kichwa cha kujazwa ni kitu kingine: pale ngozi huvalishwa umbo la povu gumu la plastiki, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi wa miaka. Fuvu la Ulaya ni mfupa wenyewe, na mtu mwenye sufuria kubwa na subira anaweza kulitengeneza nyuma ya nyumba yake.

Neno ayala, yaani mnyama aitwaye deer kwa Kiingereza, nimelichagua makusudi. Wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka Zaburi, na linatuepusha kumwita mnyama huyu kulungu au swala, kwa kuwa si jamaa wa hao. Pembe za swala, nyati na mbuzi zina tabaka mbili: ndani kiini cha mfupa, nje ganda gumu la aina ile ile ya kucha, nazo hukaa na mnyama maisha yake yote. Pembe za ayala ni mfupa mtupu. Huota upya kila mwaka zikiwa zimefunikwa ngozi yenye manyoya laini, hukomaa, dume huisugua ngozi ile kwenye miti mpaka itoke, kisha baada ya msimu wa kupandana pembe zenyewe huanguka. Ile rangi ya kahawia inatokana na damu na utomvu wa miti iliyosuguliwa. Kwa hiyo fuvu la swala hulowekwa mpaka maganda ya pembe yachomoke, yasafishwe, yarudishwe kwa gundi. Kwa ayala ni kinyume: pembe zisiguse maji ya moto wala dawa, maana rangi ikishatoka hairudi.

Nimeishi Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, miaka kadhaa. Huku msimu wa kuwinda ayala kwa bunduki huchukua siku tisa mwezi wa Novemba, na wiki inayofuata unaona masufuria yakifuka moshi kwenye nyua za watu. Jirani yangu mmoja alichemsha kichwa cha ayala wake jioni moja tu, akakipaka dawa ya kung'arisha, na kufika Krismasi fuvu lilikuwa jeupe kama chokaa. Lilipoingia joto la Julai likatoa madoa ya njano juu ya macho na nyuma ya pembe, likawa linanata vumbi, na ukilisogelea unasikia harufu ya samli iliyochacha. Nyama aliiondoa yote. Mafuta yalikuwa bado ndani ya mfupa.

Hapo ndipo ilipo maana ya kazi hii, na ndipo wengi wanapokosea. Wanadhani kutengeneza fuvu la Ulaya ni kuchemsha kichwa mpaka kiwe cheupe. Ukweli ni kwamba unaondoa vitu vitatu kwa zamu, nyama kwanza, kisha mafuta, rangi mwisho, na kila kimoja kina dawa yake. Weupe usitangulie.

Nyama si ngumu. Aliyewahi kupika supu ya kichwa cha mbuzi anajua nusu ya kazi. Chuna ngozi, toa macho na ulimi, tenga taya la chini, kata minofu ya mashavu kadiri kisu kinavyofika. Ubongo hutolewa kupitia tundu la nyuma, pale uti wa mgongo unapoingilia, kwa waya uliokunjwa ncha na maji ya mpira. Kisha fuvu linaingia kwenye maji, na hapa tunaachana na mpishi. Mpishi anataka kichwa kitoe utamu wote kwenye mchuzi, kwa hiyo anakiacha kitokote. Wewe unataka mfupa ubaki mzima. Maji yafuke mvuke na kutikisika kidogo tu, yasichemke kwa nguvu. Mfupa uliotokoswa hupasuka, meno hulegea, na ile mifupa miwili mirefu ya pua huachia. Ikiachia usiitupe, hurudishwa kwa gundi fuvu likikauka.

Wengi hutia magadi ya kufulia kwenye maji. Kemikali yake ni sodiamu kaboneti, ile ile iliyomo kwenye magadi tunayotilia maharage yaive upesi, na kazi inayofanya kwenye nyama ndiyo hiyo hiyo, kulainisha. Tia kidogo, maana yakizidi yanakula mfupa. Kila baada ya nusu saa hivi toa fuvu, kwangua, rudisha. Saa mbili tatu zinatosha kwa kichwa kilichochunwa vizuri. Pembe zibaki juu ya maji, na mashina yake yafungwe kwa nailoni na utepe ili mvuke usiyapaushe. Kuna wanaomalizia kwa mashine ya kuoshea magari. Ni njia ya haraka, lakini mkono usipokuwa mwepesi inapeperusha vile vifupa vyembamba kama karatasi vilivyo ndani ya pua, na mimi naona fuvu lisilo na vifupa hivyo limepoteza nusu ya uzuri wake.

Sufuria siyo njia pekee. Unaweza kuliacha fuvu kwenye ndoo ya maji vuguvugu wiki kadhaa, bakteria wale nyama. Mfupa hutoka salama kabisa, ila harufu yake majirani hawaivumilii. Makumbusho hutumia mbawakawa wadogo weusi wa jamii ya Dermestes, ambao hula nyama iliyokauka mpaka kwenye vitundu ambavyo kisu hakifiki. Wauza samaki wakavu wa Ziwa Victoria wanawajua wadudu hawa vizuri sana, kwani spishi ile ile, Dermestes maculatus, ndiyo inayowatoboa samaki ghalani. Kinachomtia hasara mchuuzi wa Mwanza, mtaalamu wa mifupa anakifuga kwenye boksi.

Sasa mafuta. Mfupa wa kichwa una vitundu kama sponji, hasa kisogoni, na mafuta yamejaa humo. Magadi na joto huondoa sehemu tu. Wenye uzoefu husema hata kwamba kuchemsha kwa nguvu huyasukuma mafuta ndani zaidi. Tiba yake ni ya kawaida mno, na labda ndiyo maana watu hawaiamini: maji ya moto ambayo mkono unaweza kuvumilia, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Loweka fuvu, maji yakigeuka mawingu yamwage, weka mengine. Rudia siku baada ya siku mpaka maji yabaki maangavu. Kwa ayala inaweza kuchukua wiki moja au kadhaa, na kwa nguruwe ni zaidi, maana mafuta yake ni mengi. Likaushe, ulitazame kwenye mwanga. Sehemu yenye mafuta huonekana nyeusi kidogo na kung'aa, kama karatasi iliyofungia maandazi. Ukiiona, rudi kwenye ndoo.

Rangi inakuja hapo, na neno moja tu la kukumbuka: jiki isitumike. Klorini ya kufulia hula kolajeni, ile protini inayoshikilia mfupa, na miezi michache baadaye fuvu linaanza kumomonyoka kama chaki. Kinachofaa ni haidrojeni peroksaidi. Ile ya duka la dawa, asilimia 3, inatosha ukiwa na subira ya siku kadhaa. Krimu ya saluni ya asilimia 12 ni ya haraka, lakini inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu na linda macho. Usiifungie kwenye chombo kisichopumua, inatoa gesi, na usiipashe moto jikoni. Pakaa mpaka kwenye mzizi wa pembe, usipite.

Kwa Marekani kuna jambo la kuangalia kabla ya kuwasha jiko. Ayala wa huko wana ugonjwa wa kudhoofika unaoharibu ubongo, ulioonekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na ukagunduliwa Wisconsin mwaka 2002. Unasababishwa na prioni, protini zilizokunjika vibaya, na kuchemsha hakuziui. Hakuna mtu aliyethibitishwa kuambukizwa, lakini washauri wa afya wanasema nyama ya mnyama mgonjwa isiliwe. Tezi za kupimwa ziko kooni, kwa hiyo peleka kichwa kipimwe kwanza, halafu ndiyo uchune. Majimbo mengi pia hayaruhusu kuingiza kichwa kizima kutoka jimbo jingine, ila huruhusu fuvu lililosafishwa lisilobaki na ubongo.

Na msomaji aliye nyumbani asiende kujaribu haya kwa fuvu la swala aliloliokota porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, fuvu na pembe ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi. Kichwa cha mbuzi kutoka buchani kinatosha kujifunzia mikono.

Fuvu likishakauka, funga kwenye kibao kwa skrubu inayopita kwenye tundu la nyuma, usitoboe paji la uso. Anayetaka pembe zipimwe ukubwa rasmi Marekani lazima asubiri siku 60 za kukauka kwanza. Taya la chini nalo lisafishe ulihifadhi. Bavaria, jimbo la Ujerumani, kwenye maonyesho ya kila mwaka yaitwayo Hegeschau, pembe hupelekwa pamoja na taya, kwa sababu umri wa mnyama husomwa kwenye magego yake, jinsi yalivyolika, na pembe peke yake haziwezi kuusema.