Kesi ya mwandishi aliyeuawa hufia wapi

Daudi Mwangosi, mwandishi wa televisheni ya Channel Ten, aliuawa Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Tanzania, akiwa kazini kwenye shughuli ya chama cha upinzani, CHADEMA. Bomu la machozi lilimpasua tumbo. Picha zilizopigwa pale zilionyesha askari kadhaa wamemzunguka; kizimbani akafika mmoja. Alishtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, na Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Akapewa miaka 15.

Baina ya makosa hayo mawili ndipo kesi za namna hii zinapopungua uzito. Kwa Kanuni ya Adhabu, mauaji ya kukusudia yanataka uthibitisho wa dhamira ovu, na dhamira haisomeki kwenye kidonda peke yake. Inatafutwa: silaha ilifyatuliwa kutoka umbali gani, nani aliongoza kikosi, amri ilitamkwaje, nani alisaini kuchukua silaha ghalani. Maswali hayo yasipoulizwa siku za mwanzo, mkubwa hubaki nje ya jalada na askari wa chini akabeba kosa peke yake. Kwangu hiyo ni nusu ya haki.

Waandishi mliopo eneo la tukio, picha halisi msizirushe WhatsApp mkadhani mmezihifadhi. Huko picha hubanwa na taarifa za saa na kifaa hupotea. Chomoa kadi ya kumbukumbu, usiirudishe kwenye kamera, toa nakala mbili, kisha andika kila aliyeishika na lini. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi ushahidi ulivyotengenezwa na kutunzwa. Wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo.

Familia nayo isimsubiri mwendesha mashtaka tu. Mjane wa Arshad Sharif, mwandishi wa Pakistani aliyepigwa risasi na polisi Kajiado, Kenya, Oktoba 2022, alifungua shauri la kikatiba. Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kajiado ilitamka kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria, ikaamuru fidia ya shilingi milioni 10 za Kenya. Fidia haimpeleki mtu jela, lakini ukweli umeandikwa hukumuni.

Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, hupokea shauri la mwananchi bila kumdai amalize kwanza ngazi za nyumbani. Ila muda ni miezi miwili tu tangu kitendo kitokee au akijue, na sehemu kubwa ya siku hizo watu wako msibani. Wakili atafutwe kabla ya arobaini.