sh sio bash jamani
Watu wengi bado wanaamini sh ni jina fupi tu la bash (zote ni sheli, yaani programu zinazosoma na kutekeleza amri unazoandika), na nawaelewa, maana kwenye Linux nyingi ndo ilivyokuwa. Ila Ubuntu walihama tangu 2006, Debian wakafuata 2011 (zote mbili ni aina za Linux), ukiita /bin/sh pale unapata dash, sheli ndogo inayowaka haraka, ndo maana walihamishia huko skripti (mafaili ya amri) za kuwasha mashine. Sasa wewe juu ya skripti yako umeweka #!/bin/sh, mstari unaosema sheli ipi iiendeshe, halafu chini unaandika [[ $a == $b ]], inakujibu "[[: not found" unadhani mashine mbovu, kumbe dash haiyajui hayo mabano mawili, andika [ "$a" = "$b" ] itapita kote. Ukiihitaji bash kweli weka #!/bin/bash, na usiiendeshe skripti yako kwa amri sh skripti.sh, hapo ule mstari wa juu unarukwa tu.