Nchi Ikitangaza Mlipuko, Nani Anailinda?

Kila mlipuko mpya wa ugonjwa unapotangazwa, lawama ya kwanza huwa ni hii: kwa nini hawakusema mapema? Mimi nashughulika na sheria za afya ya umma, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza swali la upande wa pili. Wale waliosema mapema, walipata nini?

Novemba 2021 ilijibu waziwazi. Wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini walibaini aina ya virusi vya UVIKO-19 yenye mabadiliko mengi mno ya vinasaba. Tarehe 24 Afrika Kusini ikatoa taarifa kwa Shirika la Afya Duniani, WHO. Tarehe 26 WHO ikaipa jina la Omicron, lakini hata kabla ya hapo Uingereza ilikuwa imeshatangaza kuzuia ndege kutoka nchi sita za kusini mwa Afrika. Marekani na Umoja wa Ulaya wakafuata, na wengine wengi nyuma yao. Siku chache baadaye Uholanzi ikapima upya sampuli zake za tarehe 19 na 23 na kuvikuta virusi hivyohivyo. Kumbe vilikuwa vimeshaingia Ulaya kabla dunia haijaambiwa lolote. Wakati huohuo watafiti wa Afrika Kusini walikuwa wakionya kwamba vitendanishi vya maabara zao, yaani kemikali za kupimia, huletwa na ndege, na kwamba ndege zikikatwa watashindwa kuendelea kuvifuatilia virusi ambavyo kila mtu alitaka habari zake.

Sasa tuangalie sheria inasemaje, maana sheria ipo. Kanuni za Afya za Kimataifa, zilizopitishwa mwaka 2005 na kuanza kutumika Juni 2007, zinazifunga nchi 196. Kila nchi inatakiwa iwe na ofisi inayopatikana na WHO saa zote, mchana na usiku. Ikipokea habari ya tukio lisiloeleweka, tuseme wagonjwa wa homa kali ya mapafu katika wodi moja, nchi ina saa 48 za kulitathmini. Chombo cha tathmini ni kiambatisho chenye maswali manne. Je, athari kwa afya ya umma ni kubwa? Je, tukio si la kawaida au halikutarajiwa? Je, kuna hatari kubwa ya kuvuka mipaka? Na je, kuna hatari kubwa ya nchi nyingine kuweka vikwazo vya safari au biashara? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha: WHO lazima ijulishwe ndani ya saa 24. Ndui, polio ya virusi vya asili, SARS (homa kali ya mapafu inayoletwa na virusi) na aina mpya ya mafua kwa binadamu havingoji hata maswali. Mgonjwa mmoja tu, taarifa inakwenda.

Lisome tena lile swali la nne. Waandishi wa kanuni walijua fika kwamba mtoa taarifa anaweza kuadhibiwa, wakaifanya hofu hiyo kuwa mojawapo ya sababu za kutoa taarifa. Kwa ofisa anayejaza fomu hiyo huku waziri wake wa utalii akipiga simu kila baada ya nusu saa, hiyo ni faraja ndogo sana.

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1851, nchi 12 zilipokutana Paris kujadili kipindupindu, tauni na homa ya manjano, kilichowasumbua hasa ni meli kuzuiliwa bandarini. Kila nchi ilikuwa na karantini yake na wafanyabiashara walikuwa wamechoka. Hawakuelewana hata kipindupindu kinaeneaje, na mkataba wa kwanza wenye nguvu ulipatikana mwaka 1892, baada ya miaka 41. Nia ya tangu mwanzo ikabaki ileile: kuzuia ugonjwa kwa kusumbua biashara kidogo iwezekanavyo. Kanuni za zamani za WHO zilifuata njia hiyo kwa orodha ya magonjwa machache, na kufikia mwaka 1981, ndui ilipokwisha ondolewa, yalibaki matatu tu: kipindupindu, tauni na homa ya manjano. Serikali zikajifunza ujanja. Kipindupindu kiliandikwa kuwa “ugonjwa wa kuhara”. Na waliowahi kusema ukweli waliyaona: India ilipotangaza tauni huko Surat mwaka 1994, mashirika ya ndege yalifuta safari na nchi kadhaa zikasitisha bidhaa zake.

Kisha ikaja SARS. Ugonjwa ulianza kusini mwa China mwishoni mwa 2002, haukuwemo kwenye orodha yoyote, na ulipokuja kujulikana vizuri ulikuwa umeshapanda ndege. Waliouawa ni 774, idadi ndogo ukilinganisha na yaliyokuja baadaye, ila mshtuko ulitosha kuzaa kanuni mpya. Orodha ikaacha kuwa mpaka wa kutoa taarifa. WHO ikapewa ruhusa ya kutumia habari zisizotoka serikalini, kama vyombo vya habari na mitandao ya madaktari, kisha kuiuliza nchi husika, nayo itoe jibu la awali ndani ya saa 24. Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu kukaa kimya kuliacha kuwa na faida kubwa.

Upande wa kumlinda mtoa taarifa, kazi ilifanyika nusu. Kifungu cha 43 kinairuhusu nchi kuchukua hatua kali kuliko ushauri wa WHO, mradi ziwe na msingi wa kisayansi. Hatua hizo zikivuruga safari kwa zaidi ya saa 24, nchi inatakiwa kuieleza WHO sababu zake ndani ya saa 48. Isipoeleza? WHO inaweza kuiomba ifikirie upya. Basi. Usuluhishi upo, ila ni wa hiari.

Sisemi mipaka isifungwe kamwe. New Zealand ilifunga yake mwaka 2020 na ikaokoa maisha mengi. Waziri anayeacha ndege zitue naye atasulubiwa mambo yakiharibika, hilo nalijua. Ninachotaka ni sababu zichapishwe, kila mtu azisome.

Nchi zisizo na viwanda vya chanjo zilishaliona pengo hili kwa pembe nyingine. Mwaka 2007 Indonesia ilisitisha kutuma sampuli za mafua ya ndege ya H5N1, ikisema sampuli zake zinatengenezewa chanjo ambazo yenyewe haitazimudu. Ilishutumiwa sana. Hata hivyo, mwaka 2011 WHO ilipitisha utaratibu wa kugawana virusi vya mafua pamoja na manufaa yake, na chimbuko lake ni mgomo ule. Mkataba wa Magonjwa ya Mlipuko uliopitishwa Mei 2025, baada ya kura 124 kwenye kamati bila ya kupinga na nchi 11 zikijizuia, unapanua wazo hilo: makampuni yatakayojiunga yatengee WHO asilimia 20 ya chanjo na dawa wanazozalisha wakati wa janga, angalau nusu yake bure. Utaratibu kamili uliachwa kwenye kiambatisho, na mkataba haufunguliwi kusainiwa mpaka kiambatisho hicho kipite. Baada ya hapo zinahitajika nchi 60 kuuridhia.

Ni hatua nzuri. Lakini inamlipa aliyetoa virusi, na malipo yenyewe yanakuja janga likishakuwa janga. Nchi iliyotoa taarifa mapema, mlipuko ukazimwa palepale, haipati chochote zaidi ya watalii waliokimbia.

Fedha nazo zimekuwa hivyohivyo. Benki ya Dunia ilianzisha mfuko wa dharura za milipuko wenye fungu la bima. Kwa Ebola, bima hiyo ilitaka, pamoja na masharti mengine, vifo visivyopungua 20 katika nchi ya pili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoteza zaidi ya watu 2,200 kati ya 2018 na 2020, Uganda ikazuia ugonjwa vizuri, na kwa sababu hiyohiyo fungu la bima halikulipa. Fungu jingine, la fedha taslimu, lilitoa msaada, lakini ona sharti lilivyokuwa: bima ilisubiri maiti.

Marekebisho ya Kanuni ya mwaka 2024, yaliyoanza kutumika Septemba 2025, yameunda chombo cha kuratibu fedha, ingawa chenyewe hakikuja na fedha mpya. Kama ningeulizwa, ningeweka humo fungu dogo linalotoka lenyewe siku taarifa inapothibitishwa, bila kuhesabu vifo: vitendanishi, mishahara ya wafuatiliaji wa wagonjwa, na ndege ya mizigo iliyokodiwa mapema, ili abiria wakizuiwa, vifaa vya maabara viendelee kufika.