Bajeti ya kaunti si pesa zilizo benki

Wakenya wengi huamini kwamba bunge la kaunti likishapitisha bajeti, pesa zipo. Barabara isipojengwa, basi zimeliwa. Wizi upo, sikatai. Lakini bajeti ni makadirio. Narok hutegemea sana ada za watalii wa Maasai Mara, na korona ilipozuia safari za ndege mwaka 2020, mapato hayo yaliporomoka. Kukopa nako si rahisi: Kifungu cha 212 cha Katiba kinadai dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Hivyo hupitishwa bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti ya awali, na mara nyingi miradi ndiyo hukatwa, mishahara ikibaki. Anayeumia zaidi ni mwanakandarasi mdogo: kalvati ameshaweka, malipo yake yanaingizwa kwenye malimbikizo ya madeni.